Cumberbatch: Jina la Kijiji cha Uingereza Lililovuka Bahari na Minyororo

Kuna majina ya ukoo ukiyasikia mara moja tu hayatoki kichwani. Cumberbatch ni mojawapo. Linatamkwa kama "kamba-bachi", na kwa miaka mingi watu mtandaoni wamekuwa wakilikosea makusudi ili wacheke. Mwenye nalo anayejulikana zaidi duniani ni yule muigizaji mrefu wa London, jamaa wa Sherlock, yule anayerusha uchawi kwa mikono miwili kwenye filamu za Doctor Strange. Jina lake la kwanza halina kazi hapa, maana habari yenyewe ni ya ukoo. Na ukoo huu una stori ambayo hata Marvel hawajaiandika.

Ukiandika Cumberbatch mtandaoni utaona picha zake kibao. Lakini ukishuka chini zaidi utaanza kukutana na sura nyingine. Mara mtu mweusi wa Barbados, mara mtu mweusi wa Trinidad, mara ofisa mweusi wa New York. Wote ni kina Cumberbatch. Sasa unajiuliza, imekuwaje jina adimu namna hii, ambalo hata Uingereza kwenyewe halijazagaa, likawa la Wazungu wachache na la watu weusi wengi wa visiwani?

Jibu lake linaanzia kwenye kijito.

KIJITO CHA "WAGENI"

Kaskazini-magharibi mwa Uingereza kuna jimbo linaitwa Cheshire, linapakana na Wales. Ndani yake, karibu na mji wa Northwich uliotajirika kwa chumvi, kuna kijiji kidogo kinaitwa Comberbach. Ukitoa herufi mbili tatu, ndilo hilo hilo jina.

Jina la kijiji ni la Kiingereza cha kale sana, kile ambacho Mwingereza wa leo hakielewi bila kusomea. Sehemu ya mwisho, "bach", ilimaanisha kijito au bonde lenye kijito. Cheshire hiyo hiyo kuna mji unaitwa Sandbach, yaani kijito cha mchanga. Sehemu ya mwanzo, "Comber", inatokana na neno lililotumika kuwaita Wabritoni, wenyeji wa zamani wa kisiwa kile, ambao kizazi chao ndio watu wa Wales wa leo. Watu wa Wales wenyewe hadi leo wanajiita Cymry, na ni mzizi huo huo. Wapo wanaosema huenda Cumbra alikuwa tu mtu mmoja aliyeitwa hivyo, lakini hata huyo jina lake lingekuwa na maana ile ile.

Kwa hiyo Comberbach ni kijito cha Wabritoni. Na hapa kuna utamu. Wabritoni ndio waliokuwa wenye nchi. Kuanzia karne ya 5 wakaja watu kutoka pande za Ujerumani na Denmark, wakawasukuma magharibi kidogo kidogo. Wageni wakawapa wenyeji jina "Welsh", neno ambalo kwenye lugha yao lilimaanisha mgeni. Umemwelewa huyo? Umekuja nyumbani kwa mtu, umechukua sebule, halafu unamwita yeye mgeni. Kijiji kile kikabaki na kumbukumbu kwamba pale kijitoni waliwahi kukaa watu wa kabila lililosukumwa.

JINA LA UKOO LINAZALIWAJE

Zamani Mwingereza wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Kijijini mko watu hamsini, John wapo wanne, mnajuana, maisha yanaenda. Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, wakubwa wakaanza kutumia majina ya ukoo, hasa ya mashamba na ngome zao. Baadaye watu wakaongezeka, kodi zikaandikwa, mirathi ikagombaniwa, na serikali ikataka kujua John yupi ni yupi. Kufikia miaka ya 1400 hivi familia nyingi za Uingereza zilikuwa na majina yanayorithiwa.

Majina hayo yalitoka sehemu nne kubwa. Kuna ya baba, kama Johnson, mtoto wa John. Kuna ya kazi, kama Smith, mhunzi, na Taylor, fundi cherehani. Kuna ya utani wa mwili au tabia, kama Short, mfupi. Na kuna ya mahali.

La mahali lina kanuni yake ya kuchekesha kidogo: huwezi kuitwa kwa jina la kijiji chako ukiwa bado uko kijijini, kwa sababu wote mnatoka hapo. Unapewa ukishaondoka. Ni sawa na mtaani Dar, jamaa anaitwa Juma Mpemba kwa sababu yuko Temeke. Angekuwa Pemba asingeitwa hivyo. Basi na hawa, mtu akaondoka Comberbach, akahamia kwingine, wenyeji wakamwita "yule wa Comberbach", watoto wakarithi. Kwa kuwa kijiji kilikuwa kidogo, waliotoka walikuwa wachache, na ndiyo maana jina likawa adimu. Makarani nao waliandika walivyosikia, likatoka Comberbach, Cumberbach, Cumberbatch, hadi Cumberpatch.

Mpaka hapo ni stori ya kijijini tu. Kilicholibadilisha jina ni sukari.

MWAKA 1728

Barbados ni kisiwa kidogo cha Karibiani. Vijana wengi wanakijua kama kwao Rihanna. Kina ukubwa wa kilomita za mraba kama 430 tu, yaani Unguja inakiingia zaidi ya mara tatu. Waingereza walianza kuishi pale mwaka 1627. Mwanzo walilima tumbaku na pamba, lakini kuanzia miaka ya 1640 wakageukia miwa, na hapo pesa ikaanza kumwagika.

Miwa haina huruma. Ikishakatwa inatakiwa ikamuliwe haraka kabla haijaharibika, na maji yake yachemshwe kwenye masufuria makubwa, moto usiku na mchana. Wenye mashamba wakaamua kazi hiyo ifanywe na Waafrika waliosafirishwa kwa nguvu kutoka Afrika Magharibi. Mwaka 1661 Barbados ikatunga sheria maalumu ya watumwa, iliyompa bwana nguvu karibu zote juu ya mwili wa mtumwa na kumfanya mtu awe mali. Sheria hiyo ikawa kama kielelezo. Jamaika wakaiiga, na baadaye South Carolina kule Marekani.

Ndani ya dunia hiyo akaingia Abraham Cumberbatch. Mwaka 1728 alinunua shamba la miwa liitwalo Cleland, upande wa kaskazini wa kisiwa, parokia ya St. Andrew. Huyu ni babu wa mababu wa yule muigizaji, vizazi saba na zaidi nyuma. Shamba likakaa mikononi mwa ukoo kwa zaidi ya miaka mia moja. Inaelezwa kuwa hadi utumwa unafutwa, Cleland ilikuwa na watumwa wapatao 250.

Watu 250. Hilo ni basi la mkoani lililojaa, mara nne. Kila mmoja na mama yake, lugha ya wazazi wake, na jina alilozaliwa nalo.

WATU WA JINA MOJA

Uingereza ilipiga marufuku biashara ya kusafirisha watumwa mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe ukaendelea kama kawaida kwenye makoloni. Ili kuzuia wenye mashamba kuingiza watu wapya kwa magendo, serikali ikataka kila bwana aandikishe watumwa wake. Barbados ilianza mwaka 1817, mwaka mmoja tu baada ya watumwa wa kisiwa hicho kufanya maasi makubwa yanayokumbukwa kwa jina la Bussa.

Daftari hizo zipo mpaka leo. Ukizifungua, juu unaona jina la mwenye mali limeandikwa kamili: jina la kwanza, la kati, la ukoo. Chini yake inashuka orodha ya watu. Jina moja, umri, jinsia, na kama amezaliwa Afrika au kisiwani. Basi. Hakuna jina la baba wala la ukoo. Kwa karani haikuwa na maana, kwa sababu jina la ukoo ni la kurithisha mali, na mali hairithishi mali.

Uhuru ulipokuja, mambo yakageuka. Sasa unahitaji kulipwa mshahara, kufunga ndoa kanisani, kubatiza mtoto. Kila mahali karani anauliza, "Jina la ukoo?" Wengine walichagua jina la mtu waliyemheshimu, wengine la baba waliyemjua. Wengi wakachukua, au wakaandikiwa, jina la mwenye shamba walilotokea. Ndivyo kina Cumberbatch weusi walivyozaliwa kwenye karatasi.

Kuna kosa ambalo watu hufanya hapa. Wakiona Mzungu na mtu mweusi wana jina moja la Karibiani, wanasema moja kwa moja kuwa ni ndugu wa damu. Inawezekana, maana mashambani kulikuwa na watoto wengi wa mabwana ambao mama zao hawakuwa na nafasi ya kusema hapana. Lakini inawezekana pia kuwa hakuna damu hata tone. Jina peke yake linathibitisha kitu kimoja, kwamba mababu wawili walikuwa kwenye shamba moja, mmoja akiwa mwenye daftari na mwingine akiwa ndani ya daftari.

Marekani mambo yalikuwa hayo hayo, na karne ya 20 wapo walioyakataa majina hayo hadharani. Malcolm alifuta Little akaweka X, kuonyesha kwamba jina lake halisi la Kiafrika halijulikani. Cassius Clay akawa Muhammad Ali mwaka 1964 na kusema wazi kuwa lile la kwanza ni jina la utumwa. Wengi zaidi waliyabaki nayo. Kwao, bibi aliyelibeba jina hilo akafua nguo za watu ili mjukuu asome ameshalilipia, na sasa ni la familia yake.

FIDIA ILIENDA KWA NANI?

Sheria ya kufuta utumwa kwenye makoloni mengi ya Uingereza ilipitishwa mwaka 1833 na kuanza kazi tarehe 1 Agosti 1834. Hata hapo watu hawakuachiwa siku hiyo. Waliambiwa ni "wanagenzi", wakaendelea kuwafanyia kazi mabwana wale wale bila malipo kwa saa nyingi za wiki, hadi mwaka 1838.

Sasa shika kiti. Fidia ililipwa, tena kubwa. Serikali ya Uingereza ilitenga pauni milioni 20, kiasi cha asilimia 40 hivi ya bajeti yake ya mwaka. Lakini zote zilikwenda kwa wenye watumwa, kuwafuta machozi kwa "mali" waliyoipoteza. Ukoo wa Cumberbatch ulikuwa kwenye foleni hiyo na ulipokea maelfu ya pauni. Mtu aliyekata miwa miaka arobaini hakupata hata senti.

Na ili kulipa, serikali ilikopa. Deni hilo lilibadilishwa sura mara kadhaa na halikumalizika kulipwa hadi mwaka 2015. Mwaka 2015! WhatsApp ilikuwepo. Maana yake ni kwamba Wakaribiani waliohamia Uingereza kuanzia mwaka 1948 kuendesha mabasi na kuuguza wagonjwa, walikuwa wanakatwa kodi ambayo sehemu yake ililipa deni la kuwafidia waliowamiliki babu zao. Kina Cumberbatch weusi wa London nao wamo.

Upande wa pili, kina Cumberbatch weupe waliendelea na maisha ya tabaka la juu. Babu mmoja wa muigizaji alikuwa balozi mdogo wa Uingereza kwenye dola la Ottoman. Mwingine, baba mzazi wa baba yake, alikuwa ofisa wa nyambizi kwenye vita vyote viwili vya dunia. Elimu nzuri, vyeo, vitambulisho vinavyofungua milango.

HUKU KWETU PIA YALITOKEA

Usidhani habari ya Mwafrika kubeba jina la Kiingereza kwa sababu ya utumwa iliishia Karibiani. Mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba kati ya Sultani Barghash na Waingereza, baada ya mazungumzo yaliyoanzishwa na Sir Bartle Frere. Miaka miwili baadaye wamisionari wakaanzisha makazi ya watu waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wakayaita Freretown. Ukipita Kengeleni leo, ile kengele iliyoupa mtaa jina ni ya kwao.

Kati ya watoto waliookolewa wapo waliopelekwa India kusomeshwa, na huko wakapewa majina mapya kabisa. Mmoja ni Jacob Wainwright, kijana wa Kiyao. Wainwright ni jina la ukoo la Kiingereza lenye maana ya fundi wa magari ya kukokotwa. Yeye hakuwahi kutengeneza gari lolote. Ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone, kule Zambia ya leo, na ndiye aliyesafiri na mwili hadi London na kuwa miongoni mwa waliobeba jeneza ndani ya Westminster Abbey mwaka 1874. Alirudi Afrika, akafia Urambo mwaka 1892. Dunia inamkumbuka kama Wainwright. Jina aliloitwa na mama yake hakulifia nalo.

FILAMU, OFISI NA JINA MOJA

Turudi kwa jamaa wa Sherlock. Baba na mama yake wote ni waigizaji, na baba aliamua kutolitumia Cumberbatch jukwaani. Mtoto naye alianza kazi bila jina hilo, kisha akalirudisha. Aliwahi kusema kuwa mama yake alimshauri asilitumie kikazi, kwa hofu kwamba siku moja vizazi vya watumwa vingekuja kudai fidia. Mama huyo alijua anachosema.

Halafu ona kazi zake. Mwaka 2006 aliigiza kama William Pitt, Waziri Mkuu wa Uingereza aliyekuwa rafiki wa wapinga biashara ya watumwa. Mwaka 2013 akaigiza kama William Ford, mwenye shamba aliyemnunua Solomon Northup, kwenye 12 Years a Slave. Ndiyo filamu ile ile iliyompa Oscar yule dada wa Kenya aliyecheza kama Patsey. Kizazi cha mwenye shamba kikavaa kofia ya mwenye shamba mbele ya kamera, na safari hii hadithi ikasimuliwa kutoka upande wa mtumwa.

Filamu ikiwa bado kwenye kumbi za sinema, Meya mpya wa New York akateua wasaidizi wake. Mmoja alikuwa mwanamke mweusi, mwanasheria, mwenye asili ya Barbados. Jina la ukoo? Cumberbatch. Waandishi wakafukua, na ikaelezwa kuwa mababu zake walikuwa watumwa wa ukoo wa muigizaji. Mmoja yuko Hollywood, mwingine alikuwa na ofisi kwenye jiji kubwa kuliko yote Marekani, na daftari la Barbados ndilo linalowaunganisha.

DAI LIPO MEZANI

Hofu ya yule mama haikuwa ya bure. Mwaka 2013 nchi za Karibiani ziliunda tume ya pamoja ya kudai fidia ya utumwa. Barbados ikaenda mbali zaidi. Novemba 2021 ilimwondoa Malkia wa Uingereza kama mkuu wa nchi na kuwa jamhuri, na usiku huo huo ikamtangaza Rihanna kuwa shujaa wa taifa. Macho yakaelekezwa kwenye koo ambazo bado zina ardhi kisiwani, hasa ile inayomiliki Drax Hall, shamba la tangu karne ya 17. Mwanzoni mwa 2023 magazeti ya Uingereza yakaandika kuwa hata kina Cumberbatch wanaweza kuguswa.

Watu wamegawanyika. Wapo wanaosema mtu aliyezaliwa 1976 hawezi kulipia shamba lililonunuliwa 1728. Wapo wanaojibu kuwa kama nyumba, shule na jina vinarithiwa, basi deni nalo linarithiwa. Wengine wanasema asiguswe mtu mmoja mmoja, idaiwe serikali iliyochukua kodi, ikatunga sheria na kulipa fidia kwa mtu asiyestahili. Hoja hii ya tatu ina uzito wake, kwa sababu mwaka 1833 serikali hiyo hiyo ilikubali kwamba utumwa una hasara inayopigiwa hesabu kwa pauni. Ilichokosea ni kumchagua mlipwaji.

Cleland iliyotajirisha ukoo imeingia kwenye vitabu vya historia. Kijiji cha Comberbach bado kipo, kimetulia. Na huko Bridgetown asubuhi ya leo kuna mtoto ameitikia "nipo" mwalimu aliposoma jina hilo kwenye orodha ya darasa, safari hii likiwa limeandikwa kamili, la kwanza na la ukoo.

Wewe je, jina lako la ukoo lilianza na nani, na alipewa au alilichagua? Kama bibi yako bado yupo, mpigie leo umuulize.